Mbegu Shingoni mwa Shemeji

Shangazi yangu Ungka, mwanamke wa kwanza wa watu wetu kulima shamba kando ya kisima cha Nxoro, huku Kalahari, hakuyapenda mahindi mpaka anakufa. Alisema ni kama kutafuna meno ya mtoto. Alichokipenda ni kokwa za mongongo zilizochomwa kwenye majivu, mafuta ya nungunungu, na asali ambayo mtu mwingine ameumwa na nyuki kwa ajili yake. Natanguliza hili kwa sababu siku hizi watoto wanafundishwa kwamba aliamka asubuhi moja, akaona kuhamahama ni ujinga, akashika jembe. Jembe hakuwa nalo. Na akili alikuwa nayo tangu zamani, sawa na mama yake na bibi yake, ambao hawakupanda hata punje moja maishani mwao na walikufa wameshiba.

Nimesoma katika kitabu kimoja, ambacho jalada lake lilikuwa limeliwa na mchwa, kwamba katika majangwa mengine ya dunia wawindaji wa kale walichukua maelfu ya miaka kuwa wakulima, polepole, mkono mmoja ukiwa kwenye upinde na mwingine kwenye mbegu. Mwandishi anashangaa kwa nini walikawia hivyo. Angemuuliza shangazi. Naye angemwambia kwamba walikawia kwa sababu mbegu ililiwa na shemeji.

Kilichomfanya alime ni miguu ya mama yake. Bibi yangu Chuko alikuwa mtembezi hodari, lakini uzeeni mguu wa kulia ulikufa, na wa kushoto ukaiga. Mdomo ulibaki mzima. Kila msimu ulikuwa na mahali pake: mvua ikinyesha tulitawanyika kwenye madimbwi ya mbugani, kisha tukaenda kwenye miti ya mongongo, kisha jua likizidi tukarudi kisimani. Na kila safari baba yangu, Bo, alimbeba mama yake mgongoni kwa ngozi ya choroa, kama mtoto mchanga anayejua kutukana.

Mume wa shangazi, Damo, alikuwa na mgongo mpana kuliko wa baba, lakini mgongo huo haukusaidia kitu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawagusani, hawatazamani usoni, wala hawasemezani. Kwa hiyo bibi, akiwa na neno la kumwambia mkwewe, alimwambia mbwa wake, Majivu.

"Majivu," alikuwa akisema, Damo akiwa amekaa mbali na kumpa kisogo, "hivi umekiona kile kinyama alichokileta yule mtu jana? Alikiua, au alikikuta kimekufa kwa uzee?"

Damo naye alikuwa akiusemesha upinde wake. "Upinde wangu, kuna watu wanalalamika huku mafuta yanawatiririka kidevuni."

"Majivu, mwambie upinde kwamba hayo si mafuta. Ni machozi."

Watu walikuwa wakicheka mpaka wanashika matumbo. Mimi wakati huo nilikuwa bado nanyonya. Haya yote niliyapata kwa shangazi mwenyewe, na kwa Twi, mdogo wake Damo, ambaye kila alipoyasimulia alijiongezea sifa.

Basi shangazi akaona kwamba Waherero, waliokuja kisimani na ng'ombe wao, hawambebi mzee wao yeyote popote. Wazee wao wanakaa. Wanakaa kwa sababu chakula kinawafuata: maziwa ndani ya kibuyu, kunde ndani ya ghala. Akaenda kumsaidia mwanamke mmoja wa Kiherero, jina lake Vemuna, kupura mtama wake, na kazi ilipokwisha akakataa maziwa.

"Unataka nini basi?" Vemuna akauliza.

"Mbegu, Mama Vemuna. Za kunde, za matikiti, na hizo meno-meno."

Vemuna alicheka mpaka kilemba chake kile chenye pembe kikaenda upande. "Ninyi? Ninyi mnaokula hata viatu vikichakaa? Utaweka mbegu wewe?"

"Nitaweka."

"Haya, chukua. Nataka kuona."

Walilima kwa miti ya kuchimbia mizizi, yeye na mama yangu na mke wa Twi, wakazungushia miiba ili mbuzi wasiingie. Wanaume walipita wakiwa na pinde zao na kuuliza kama wamepoteza kitu ardhini. Mvua ya mwaka ule ilikuwa njema. Kunde zilipanda juu ya mahindi, matikiti yakatambaa mpaka nje ya miiba kama watoto watoro.

Habari ya chakula kwetu haihitaji mjumbe. Shamba lilipoiva, ndugu walifika kutoka kila upande wa mbuga, ndugu wa damu, ndugu wa jina, na wengine ambao undugu wao ulitafutwa baada ya kula. Wakakaa. Wakala. Wakacheza ngoma mpaka mchanga ukawa mtaro kuzunguka moto. Shangazi alisema hakuwahi kufurahi vile maishani, na mimi namwamini, maana alikuwa akilisimulia hilo huku mabega yanacheza.

Alikuwa ameficha mbegu katika mfuko wa ngozi, chini ya paa la kibanda. Twi, ambaye pua yake ilikuwa inajua mambo kabla ya macho, akautazama.

"Shemeji, kile kinachoning'inia ni nini?"

"Mbegu."

"Mbegu ni nini?"

"Ni chakula cha mwakani."

"Ah. Na huyo Mwakani, ana njaa leo?"

Watu wote wakamtazama shangazi. Hakuna tusi kwetu lililopita kuitwa mchoyo. Mtu anaweza kuitwa mwizi akajitetea, akaitwa mvivu akacheka, lakini mchoyo hana pa kukaa. Shangazi alisimama, akautoa mfuko, akazipika zote kwa mikono yake mwenyewe. Twi alisema zilikuwa tamu kuliko zile za kwanza.

Vemuna alipouliza mbegu ziko wapi, shangazi alijigonga tumbo.

Baba akambeba tena bibi kwenda kwenye mongongo na kurudi. Njiani kiuno chake kilitoa sauti kama tawi kavu, na aliporudi kisimani alikuwa anatembea amejikunja. Jioni moja aliwakusanya watu wa kambi yetu kwenye moto wake.

"Dada," akamwambia shangazi, "mimi mgongo wangu umekwisha. Na nyama imekwisha. Ng'ombe wa Waherero wamemaliza majani, choroa wote wamehamia upande wa machweo. Wenzetu wanasema twende huko, moja kwa moja. Ni mwendo wa mtu mwenye miguu."

"Na mama?"

Baba alitazama moto. Kila mtu alijua. Ni desturi ambayo hatukuipenda wala hatukuificha: ua mdogo wa miiba, maji katika yai la mbuni, kuni, na watu wanaondoka bila kugeuka nyuma.

Bibi akakohoa. "Msiniwekee kuni mbichi tu," akasema. "Moshi unaniumiza macho."

Hapo hakuna aliyecheka isipokuwa yeye.

"Nipe muda, kaka," shangazi akasema. "Nitalima tena."

"Utalima, na Twi atakula." Baba akafikiri. "Sikiliza. Lima msimu huu. Kisha mvua ya mwaka unaofuata ikianguka, nikiona una mbegu zako mwenyewe mkononi, sihami mimi wala mama. Nitajua kwamba hapa kuna kitu cha kukalia. Ikianguka huna, tunafunga mizigo."

Vemuna alimpa mbegu mara ya pili, kwa kazi ya kupura, na akamwonya kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. "Mimi si mvua," alisema.

Shangazi akalima. Na huku analima akawa anamtazama Twi, kwa sababu adui wa mbegu zake alikuwa na sura, na sura yenyewe ilikuwa hiyo. Twi alikuwa amevaa mkufu wa shanga za ganda la yai la mbuni aliopewa na rafiki yake wa kaskazini. Mherero mmoja aliutamani, akamwahidi tumbaku, akaongeza mbuzi. Twi, ambaye kwa mbuzi angeuza kivuli chake, alikataa.

"Huu si wangu kuuza," alisema. "Huu ni hxaro."

Hxaro ndicho kitu kilichotushika sisi watu wa Kalahari kabla ya serikali na shule. Unampa mwenzako kitu kizuri leo. Halipi papo hapo, maana kulipa papo hapo ni biashara, ni kama kumwambia hutaki kumwona tena. Anakivaa, anakitunza, na siku moja anakuletea kingine. Chakula hakimo kabisa katika mambo hayo. Chakula kinaombwa na kinaliwa. Lakini kitu cha hxaro, hata mtu awe anakufa kwa njaa, hawezi kukiuza wala kukitafuna, kwa kuwa atakuwa anamtafuna rafiki yake.

Shangazi akauangusha mti wake wa kuchimbia. Akacheka peke yake shambani, na mke wa Twi akadhani ameumwa na kitu.

Mazao yalipoanza kuiva, kabla ndugu hawajanusa, alichagua mbegu zilizo bora, akazikausha, akazichanganya na majivu. Akatafuta magamba ya kobe wadogo, yale ambamo wanawake huweka unga wa manukato, akayajaza mbegu, akayaziba kwa nta ya nyuki, akayapamba kwa shanga na mkia wa mbweha. Yalikuwa mazuri mno. Kisha akayagawa kwa heshima zote: moja kwa mke wa Twi, moja kwa mama yangu, moja kwa binamu yake, na lile zuri kupita yote kwa Twi mwenyewe.

"Nakupa hxaro, shemeji."

Twi aliligeuza, akalitikisa sikioni. "Linalia. Ndani mna nini?"

"Mbegu. Gamba hilo hufunguliwa mvua inaponukia."

Twi akaelewa. Shangazi anasema uso wake ulikuwa kama wa fisi aliyeona nyama ndani ya moto. "Wewe mwanamke," alisema, "una moyo mbaya sana." Na akalivaa, akatembea nalo kifua mbele kambi nzima.

Ndugu wakaja, wakala shamba lote, wakauliza kama kuna zaidi. "Hakuna," shangazi akajibu, akaonyesha paa tupu, na hakuna aliyemwita mchoyo. Jua likazidi. Njaa ya kabla ya mvua ikaingia, ile ya kuchimba kutwa nzima kwa ajili ya mzizi mmoja mchungu. Twi alikonda, gamba likawa linagonga mbavu. Kila asubuhi alilalamika kwa sauti ya kusikika mbali.

"Shemeji, zawadi yako inaniita kwa jina!"

"Iambie umesafiri!"

Siku moja akasafiri kweli, kwenda kaskazini kuwaona marafiki. Akarudi mnene kidogo, ana kisu kipya kiunoni, na shingoni hana gamba.

Shangazi akamkimbilia. "Gamba liko wapi?"

"Nimempa rafiki yangu Kau," Twi akasema kwa furaha. "Alilipenda sana. Nikamweleza na habari ya mvua, na matikiti, kila kitu."

"Umempa Kau mbegu zangu?"

"Zako? Ulinipa. Hxaro inatembea, shemeji. Ulitaka isimame? Kwani ni mguu wa mama yako?"

Ilikuwa ni kweli, na ndilo lilikuwa kosa la shangazi, ambalo ni mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya, kama mtu anavyosahau kwamba ana pua. Kitu cha hxaro hakiliwi, lakini pia hakikai. Ukikaa nacho mno unaonekana mchoyo. Unampa mwingine, naye anampa mwingine. Shangazi alikimbia kwa mama yangu: gamba lilikuwa limekwenda kusini kwa dada yake. La mke wa Twi lilikuwa kwa wifi yake, mahali pasipo na jina. La binamu, hakuna aliyejua hata lilikoelekea. Mbegu zake zote zilikuwa salama kabisa, katika shingo za watu aliokuwa hajawahi kuwaona.

Alirudi akakaa karibu na mama yake. Bibi alikuwa amesikia yote, maana Twi hakujua kunong'ona.

"Majivu," bibi akamwambia mbwa, "nenda kamwambie mwanangu akate kuni zangu mapema, zikauke."

"Mama, nyamaza!"

"Mimi nazungumza na mbwa."

Mawingu yakapanda. Mvua ya kwanza ilianguka mchana, matone makubwa, mchanga ukanukia kama mkate wa kwanza wa Mherero. Baba alitoka, akasimama mbele ya dada yake na kutazama mikono yake. Ilikuwa mitupu. Akaenda kufunga mizigo, na kila mtu akafunga, hata Twi, aliyekuwa ameanza kuelewa alichokifanya. Damo akaanza kukata miiba ya ua wa bibi. Alikata kwa nguvu nyingi na polepole sana, na akawa anautupa kila mwiba wa tatu akidai kwamba haufai.

Alikuwa bado anakata wakati mzee mmoja alipotokea kwenye nyasi, nyuma yake mkewe, wanawe, wajukuu na vyungu. Alikuwa Kau, na shingoni alikuwa na gamba.

"Huyu ndiye Ungka?" akauliza. "Twi alisema hili hufunguliwa mvua inaponukia. Tulitoka mawingu yalipopanda, na sasa inanukia. Lakini mimi siwezi kuvunja nta ya mtu kama mwizi. Nimekuja anifungulie mwenyewe aliyeliziba, na anionyeshe linavyofanyika hilo jambo la matikiti."

Kabla hajakaa, wakatokea wa kusini. Jioni wakaja wale wa mahali pasipo na jina, na kesho yake watu wawili wenye gamba la binamu, ambalo lilikuwa limepita katika mikono mingi hivi kwamba mkia wa mbweha ulikuwa umebaki mfupa. Wote na neno lilelile. Nta zote nzima. Hakuna aliyekula hata kunde moja, na njaa ya mwaka ule ilikuwa kali.

Baba aliketi juu ya mzigo wake. "Dada," akasema, "tulikubaliana mbegu mkononi mwako. Mimi naziona mikononi mwa watu."

"Bo," bibi akasema, "wewe umezaliwa mjinga au mgongo umepanda kichwani? Una wageni. Nani anahama na wageni wanaingia? Ondoa mzigo, umewazibia moto."

Baba akautazama umati, akamtazama Damo aliyekuwa tayari anaibeba ile miiba kuipeleka shambani bila kuambiwa na mtu. Akacheka. Akafungua kamba.

Walilima pamoja, kambi zote, kipande kikubwa kuliko cha Vemuna, wanaume nao safari hii, wakiimba nyimbo za kuwinda kwa sababu za kulima hawakuwa nazo. Vemuna alikuja kutazama, akakosa la kucheka, akaenda kuleta jembe lake.

Na shamba lilipoiva, ugomvi mtamu. Kwetu nyama si ya aliyepiga mshale, ni ya mwenye mshale. Yeye ndiye anayegawa. Kwa hiyo tikiti lililotoka katika gamba la Kau lilikuwa la Kau, ingawa lilikua katika shamba la Ungka na kupaliliwa na mke wa Twi, na mashina yalikuwa yamesukana mpaka hakuna anayejua ya nani ni yapi. Walibishana kutwa nzima, kila mtu akimsukumia mwenzake heshima ya kugawa. Shamba lenye wenyewe wengi hivyo sijaliona tena. Leo pale Nxoro kila kipande kina waya, na kila ghala lina kufuli, na mtu akichinja mbuzi anafunga mlango kwanza. Wananiambia ni maendeleo. Sawa. Mimi nimeyaona yote mawili, na nataka mtu mmoja anionyeshe mahali ambapo kufuli linacheza ngoma.

Kau akalipasua tikiti la kwanza, akampelekea bibi kipande cha kwanza. Bibi akala, maji yakamtiririka mpaka viwikoni, wote wanamsubiri.

"Tikiti gani hili," akasema. "Maji matupu." Akanyoosha mkono apewe lingine.

Hawakuhama mwaka ule, wala uliofuata. Wengine walikwenda machweo na kurudi, wengine walilima nusu na kuwinda nusu, na hilo lilikuwa zuri kuliko yote. Bibi alipewa kazi ya kuwafukuza ndege kwa matusi, na ndege wa Nxoro waliyasikia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alikaa hapo pamoja na kunde zake na maziwa ya Vemuna mpaka akanenepa vizuri, mashavu yakajaa. Siku moja alitaka kwenda kuiona miti ya mongongo, akamwita baba ambebe.

Baba alimzunguka akimpima kwa macho, akajaribu kumwinua, akamrudisha chini.

"Mama," akasema, "sasa hivi hata nikitaka, sikuwezi."